Bweni Mlilolijenga kwa Msaragambo

Mpendwa baba,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini hukunilea nianze na madai kabla ya salamu.

Unaikumbuka asubuhi ile pembe ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja, ilipolia, kijiji kizima kikapanda na mawe ya kujengea bweni la sekondari? Wewe, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, ulitangulia. Mama yake rafiki yangu Nakiete akakutania njiani: "Mwenyekiti, hilo si jiwe la msingi, hilo ni figa. Unakwenda kupika makande?" Ukalitupa, ukachukua kubwa zaidi, ukahema nalo hadi juu. Nilikuwa nyuma yako na ndoo ya mchanga, najivuna.

Ipo asubuhi nyingine, ambayo hatukuitaja tena. Nilitoroka bwenini, nikashuka katika ukungu hadi mlangoni kwetu, nikakwambia kwamba mlezi wa bweni anawaingilia wasichana, nami nikiwamo. Ulivaa viatu vyako. Kisha ukasema, "Mtoto wa mwenyekiti akilikimbia bweni, nani atabaki?" Ukanishika mkono, ukanirudisha.

Yule mlezi alifungwa wewe ukiwa umeshazikwa. Tukabaki wasichana wanne, mimi na Nakiete tukiwamo, tunaoidai serikali fidia, kwa sababu shule ni yake, na mkuu wa shule aliyeipokea barua yetu ya malalamiko akaifungia kabatini alikuwa mtumishi wake. Unajua walijibu nini? Kwamba bweni si lao. Lilijengwa na wananchi; mlezi aliajiriwa na kamati ya wazazi; aulizwe mwenyekiti. Siku ya kukata utepe walikuja na magari, wakaliita tunda la serikali. Siku ya kushtakiwa, likawa lenu.

Wiki iliyopita walituita mjini Same kwa maridhiano. Hati ilikuwa tayari: fidia italipwa, kesi itaondolewa, nasi tutasaini kwamba yaliyotupata yalitokana na uzembe wa kamati ya wazazi.

"Binti, hayo ni maneno ya karatasi tu," wakili wa serikali akaniambia kwa upole.

"Kama ni maneno tu, mheshimiwa, yafute."

Hakuyafuta. Nakiete akaninong'oneza, "Mimi nimechoka, mwenzangu. Aliyesomea sheria ni wewe. Ukisaini, nasaini."

Mimi ninayepanda majukwaa ya chuo kuhubiri haki, mbele ya kalamu ile niliomba muda hadi Jumatatu. Maana uongo wao wameuchanganya na ukweli mmoja: ulinirudisha. Nimekuchukia kwa hilo, baba, na nimekulilia, pengine siku hiyo hiyo. Ulikosa. Lakini kosa la mzazi aliyeona haya mbele ya majirani haliwezi kuwa kichaka cha dola iliyokuwa na taarifa, na mamlaka, na polisi.

Jumatatu nitairudisha hati bila saini. Kesi itasikilizwa, huenda kwa miaka. Nakiete amekubali huku akilia, na sijui kama nimemtendea haki. Kizimbani nitaulizwa kama baba yangu alinirudisha. Nitasema ndiyo, watu wa kwetu wakisikia. Nisamehe aibu hiyo. Kisha nitaomba mkuu wa shule aitwe, aisome barua yetu kwa sauti, yeye mwenyewe, mpaka mwisho.

Pumzika, baba, kama unaweza.

Mwanao,
mdai wa kwanza