Maombi ya Mapumziko

Jumamosi, Meru

Mwenyekiti wa klabu alikuja tena mlangoni mwa chumba cha wachezaji wakati wa mapumziko, tayari kutuombea. Maombi yake humaliza mapumziko yote, na tulikuwa nyuma kwa bao moja. Tukipoteza leo, tunashuka daraja.

"Mwenyekiti, leo tuombee ukiwa hapo nje," nikamwambia.

"Mwalimu, unanifungia mlango?"

"Mungu anasikia hata huko."

Vijana wakacheka. Mimi nilihofia kazi yangu.

Niliwaacha wanywe maji kwanza, maana mchezaji anayehema hasikii maelezo. Kisha nikasema jambo moja tu: beki wao wa kushoto amechoka, pitieni kwake.

Tulishinda mawili kwa moja, yote kupitia upande huo. Mwenyekiti anasema ni maombi yake. Sawa kabisa. Msimu ujao aombe palepale nje.