Boti Iliyotobolewa Makusudi

Alhamisi jioni, Bungoma. Mvua inapiga mabati tangu nifike, chai imepoa, na nywele zangu bado zinanuka bwawa. Nilijiapiza leo nitaoga nilale mapema. Wapi! Kichwa kinazunguka tu.

Swali langu ni hili: nani alikaa chini, akiwa na akili zake timamu, akaamua kutoboa boti makusudi?

Mimi ni fundi wa mashine za maji. Pampu za visima, pampu za kunyunyizia sukuma na nyanya, hizo nazijua hata nikiwa na usingizi. Lakini maji yenyewe, yale ya kuingia ukaelea, siyajui. Mto Nzoia niliwahi kuuingia mpaka magotini nikatoka mbio. Kwa hivyo Mama Njoki wa Kitale aliponipigia simu ati boti yake inavuja mahali shafti inapopitia, na ameambiwa mimi ni mzuri kwa kuziba, nilicheka kwanza. Boti, Kitale? Kwenye mahindi?

Lakini iko. Iko ndani ya stoo ya mahindi, juu ya trela, boti ndogo ya tanga yenye injini, kuukuu, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Mzungu aliyekuwa na shamba hilo aliondoka akaiacha. Baba Njoki alipolinunua shamba akaikuta, akakataa katakata kuiuza. Kila Jumapili wakitoka kanisani alikuwa anapanda ndani na suti yake, anakaa, anamwita mkewe aje wakae wote. Mama Njoki aliniambia haya siku ya kwanza huku akichambua maharagwe. "Kila Jumapili nilimwambia nina kazi," akasema, akacheka.

Baba Njoki alizikwa mwaka jana. Jirani mmoja alininong'onezea pale getini, hata sijashuka pikipiki, ati mjane hakudondosha hata chozi moja, kanisa zima lilimwangalia. Nikasema nimekuja kuona boti.

Anachotaka Mama Njoki ni kitu kimoja: kukaa ndani ya hiyo boti ikiwa inaelea. Si lazima ziwani, hata kwenye bwawa la shamba. Mwangi, mtoto wake mkubwa ambaye ndiye analima sasa, amemwambia kwa heshima zote kwamba watajaribu mara moja. Ikiingiza maji, anaikata vipande, trela lipate kubeba mahindi. Mama amekubali. Kwa hivyo kila kitu kilibaki hapo kwenye tundu moja, na tundu hilo nikapewa mimi.

Ngoja nieleze, maana mimi mwenyewe nilishangaa. Injini iko ndani ya boti, propela iko nje majini. Lazima chuma, yaani shafti, kipite katikati, na lazima kizunguke. Sasa utazibaje tundu ambalo ndani yake kuna kitu kinazunguka? Nililala kifudifudi kwenye tumbo la boti na tochi mdomoni nikitafuta jibu, na nilipoliona nikataka kupiga nduru. Ni kikombe cha shaba kilichoizingira shafti, ndani kimejazwa kamba iliyosukwa, na nati kubwa ya kuibana. Si hii ni ile ile ya pampu zangu! Kule nazuia maji yasitoke, huku nazuia yasiingie. Basi. Nilijisikia kama mtu aliyekutana na binamu yake ugenini.

Kamba ya zamani ilikuwa imekauka kama njugu. Niliichokoa na msumari niliopinda, kipande kwa kipande, mpaka shaba ikang'aa. Kamba mpya ilitoka Kisumu. Nikaikata pete pete, nikaziingiza moja moja, na viungo vyake nikavipishanisha ili maji yasipate njia iliyonyooka. Aliyeniuzia alisema niipake grisi maalum isiyotoka majini. Grisi hiyo sikuwa nayo.

Nilikuwa na mafuta ya kukamulia.

Msinicheke. Huku kwetu mafuta ya kukamulia ng'ombe ni dawa ya kila kitu: visigino, bawaba za mlango, cheni ya baiskeli. Pampu zangu zote nimezipaka hayo na hakuna aliyewahi kulalamika. Nikapaka bila kufikiria mara mbili.

Leo asubuhi nikapitia Kamukuywa na Kiminini, nikafika kwao jua likiwaka vizuri. Mwangi alikuwa ameshaivuta boti na trakta mpaka bwawani. Ikateremka, ikaelea, nikapumua. Kumbe bado. Mama Njoki akanigeukia akasema, "Si nyinyi watu wa Bungoma mwenye pombe ya busaa huionja kwanza, wageni waone haina sumu? Haya, onja."

Yaani niingie mimi kwanza. Na yeye ni mama wa kanisa, sijui hata busaa aliijulia wapi! Nikamwambia Mama, mimi sijui kuogelea bana. Akanijibu kwamba hata yeye hajui, na ndiyo maana anataka nionje. Na la busaa ni kweli. Babu yangu hangeweza kumpa mgeni mrija wa busaa kabla hajavuta yeye.

Nikaingia. Mwangi alikuwa amefunga kamba ndefu kutoka boti hadi trakta, na mimi nikalishika jina la Yesu. Nikawasha injini. Boti ikasogea katikati mpaka kamba ikakaza, propela ikaendelea kuchapa maji pale pale. Nikashuka chini kuangalia. Kikombe kilikuwa kinatoa tone, kinapumzika, kinatoa tone. Safi kabisa.

Halafu shafti ikapata joto, na mafuta ya kukamulia yakafanya yanavyofanya juani. Yakayeyuka. Tone likawa uzi, uzi ukawa mfereji, na soksi zangu zikalowa.

"Fundi! Inaingiza?" Mwangi akaita.

"Kidogo tu!" nikajibu. Ulikuwa uongo mtupu. Nakiri hapa kwa sababu pale sikuweza. Ningesema kweli angeivuta, na ikishavutwa na maji ndani, mambo yameisha. Niliogopa, tena sana. Lakini jambo la ajabu, ndani ya hofu hiyo bado nilikuwa nataka kujua: je, nikibana nati pole pole ile kamba ya ndani ya kikombe itakaa sawa, au itaungua?

Nikabana kidogo, nikangoja. Nikashika kikombe kwa kiganja, kilikuwa na joto. Nikabana tena kidogo, nikasikiliza. Mfereji ukarudi kuwa uzi. Uzi ukakatika, likabaki tone. Kikombe kikaanza kupoa mkononi mwangu, na mimi nikapumua.

Nilipopanda juu, maji yote kuzunguka boti yalikuwa yanang'aa rangi rangi, na Mama Njoki amesimama ukingoni mikono kiunoni. "Nasimiyu! Umepaka boti yangu mafuta ya ng'ombe?" Mwangi alicheka mpaka akashikilia gurudumu la trakta. Sikuwa na pa kujificha, nikacheka pia. Nikachota maji yaliyoingia, nikayamwaga yote, nikawaambia wote wawili ukweli wa kilichotokea. Mwangi akanivuta hadi ukingoni, akaingia akaangalia mwenyewe, akashika kikombe, akarudi kwenye trakta.

Mama akavua viatu akaingia.

Alikaa upande wa kushoto, mkoba wake mapajani kama yuko kanisani. Nikawasha injini tena, tukatoka mpaka kamba ikakaza. Baadaye akainamisha kichwa, akauliza, "Hiyo inayolia chini ni nini?"

"Ni tone, Mama. Ni la kawaida."

"Si umeziba?"

Nikamweleza vile ninavyowaelezea wateja wote. Ukibana mpaka pakauke kabisa, chuma kinaungua kwa ndani na huoni, siku moja kinakatika. Lazima uache kidogo kitoke.

Kisha akageuza uso upande ule mwingine, penye kiti cha mumewe kilichobonyea, akaanza kulia. Si kwa sauti. Mabega tu. Mimi nikashuka chini nikajifanya nakagua nati ambayo haikuwa na shida yoyote, na nikakaa huko mpaka nikamsikia akipenga kamasi.

Mwangi alituvuta taratibu. Alipomshika mama yake mkono kumtoa, alisema trela la kubeba mahindi ataazima la jirani. Aliyasema hayo akiangalia matope.

Nikiwa naondoka, Mama Njoki akashika usukani wa pikipiki yangu. Akasema Jumapili baada ya kanisa nije, atapika, tukae kidogo ndani ya boti. Na hiyo grisi inayofaa nije nayo.

Mdomo wangu ulishafunguka kusema nina kazi. Na ninayo kweli, kuna pampu ya mtu kule Chwele imelala tangu juzi, na nilimwahidi Jumapili.

Nimemtumia wa Chwele ujumbe sasa hivi. Nitaenda kwake Jumatatu.