Kigoda Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 3 Juni

Mvua tangu alfajiri. Mfagizi wa ukumbi anaumwa, nikafagia mwenyewe. Njiwa wamerudi darini, viti vyote vinanuka. Halafu jua likachungulia dirishani, kwenye kile kioo kilichovunjika, na vumbi nililolitimua likang'aa lote. Nikasimama na ufagio kama mjinga. Mungu hachagui pa kuweka uzuri wake.

Mazoezi jioni. Malkia, kama tunavyomwita nyota wa kikundi chetu cha maigizo, kasahau tena. Si neno — ukurasa mzima! Nilikuwa kwenye kigoda changu nyuma ya pazia, peku kama kawaida ili mbao zisilie. Nikamnong'oneza sentensi baada ya sentensi, naye akazitoa kana kwamba zimezaliwa kifuani mwake. Hakuna aliyegundua. Mchora mabango, anayeigiza mumewe, akapiga mluzi: ama kweli ng'ombe hazeeki maini!

Tulipotoka Malkia kanishika mkono. Kaenda kwa daktari. Ni ugonjwa wa kusahau, na utazidi tu. Akasema: niapie, shoga yangu, hata Mwalimu asijue. Wakijua watanihurumia, na mimi kwenye huruma siwezi kuigiza.

Nikaapa kwa jina la Mungu. Sikufikiri.

Alhamisi, 6 Juni

Mwalimu, mstaafu wetu anayetuongoza, kaja anatabasamu mpaka masikioni. Jumamosi ya tarehe 15, mchana, si onyesho tu: ni sherehe ya miaka ishirini na mitano ya Malkia jukwaani. Vigelegele! Kisha kanigeukia. Na wewe, Redio — ndivyo wanavyoniita, Redio ya Pazia — siku hiyo hukai gizani. Umetushonea nguo na kutunong'oneza miaka yote. Utakaa mstari wa mbele, kiti chenye maua.

Nikauliza, nani atashika kitabu cha mchezo nyuma ya pazia?

Kicheko ukumbi mzima. Malkia huyu ashikiwe kitabu? Mchora mabango hakuniacha: samaki naye afundishwe kuogelea?

Nimemtazama Malkia. Alicheka kuliko wote. Mikono kaificha mfukoni.

Wananiheshimu, wapendwa hawa. Na heshima yao itamuua.

Jumapili, 9 Juni

Ibada. Mahubiri yalihusu ulimi. Sikusikia vizuri, nilikuwa nabishana na Mungu. Nikisema, nimevunja kiapo chake. Nikinyamaza, rafiki yangu ataaibika mbele ya mji mzima. Dhambi ndogo ni ipi?

Njiani nimepita ukutani alipochora mchora mabango. Uso wa Malkia, mkubwa kama mlango! Ule mwanya wake, yale macho ya utundu. Watu wanasimama. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamwambia mwenzake: huyu ndiye aliyenichekesha wiki ile niliyofiwa. Nikalia palepale. Heri nilikuwa na mwavuli.

Jumanne, 11 Juni

Nimepata njia! Katika sehemu ya pili kuna hotuba, mama anamuaga mwanawe. Mistari thelathini na mmoja. Malkia anavaa mtandio wa kijivu tangu mwanzo wa mchezo mpaka mwisho. Basi natarizi pindo lake kwa ndani, maneno ya mwanzo ya kila mstari, uzi mweusi, herufi kubwa asihitaji miwani. Shule yangu iliishia msingi, lakini herufi zangu zimenyooka. Nimefika wa kumi na tisa. Macho yanawasha. Mgongo nao, loo.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemwonyesha Malkia mtandio, tukiwa chumba cha nguo. Kapitisha vidole kwenye pindo, mstari kwa mstari. Kisha: shoga, umenishonea ubongo! Tulicheka tukashika mbavu.

Halafu akaniuliza, kesho tunaanza saa ngapi? Nilishamjibu muda si mrefu. Nikamjibu kana kwamba ni mara ya kwanza.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nikiwa chumba cha nguo, ni mapumziko. Haraka haraka. Ukumbi umejaa, wengine wamesimama ukutani. Nimekaa kwenye kile kiti cha maua, na viatu vipya vinavyolia kila nikikanyaga. Sehemu ya kwanza imepita. Kasahau mara moja tu — akajifanya kupiga chafya, watu wakacheka, naye akachungulia pindo. Nilikuwa nimetarizi na maneno ya sehemu hiyo pia. Asante Mungu!

Kisha balaa. Pazia halijashuka sawasawa, mchora mabango kapanda na kifurushi. Zawadi yetu sote! Mtandio mpya, wa buluu. Mzuri, siwezi kuusingizia. Mwalimu kamvua ule wa kijivu kwa mikono yake mwenyewe, akamvisha mpya, ukumbi mzima ukasimama. Akasema: huu huuvui mpaka tumalize, dada yetu!

Malkia kashukuru vizuri. Macho yalikuwa yananitafuta.

Nimemfuata huku nyuma. Vaa wa kijivu, nikamwambia, wadanganye huo mpya unateleza. Akatikisa kichwa. Wamenipa kwa mapenzi, nitawavunjaje moyo mbele za watu? Kisha, polepole: shoga, hotuba inaanzaje?

Nikamwambia. Akairudia.

Inaanzaje?

Sasa mtandio wa kijivu uko mapajani mwangu. Mwalimu ametangaza kwamba sehemu ya pili haianzi mpaka Redio asimame pale mbele apigiwe makofi. Nikienda kwenye kigoda, kiti cha maua kitabaki kitupu, watauliza, na watajua. Nikikaa kwenye maua, atakuwa peke yake na mistari thelathini na mmoja.

Kengele ya kwanza. Bwana, niliapa kufunga mdomo. Sikuapa kufunga —

Ya pili. Mwalimu ananiita huko ukumbini. Redio! Redio! Makofi, wanagonga na sakafu. Malkia amesimama ukingoni mwa pazia, mgongo umenyooka, midomo inacheza bila sauti.

Nimevua viatu.