Siku Udi Ulipobaki Nyumbani

Ibra, Omani

Dada yangu Zuwena, nuru ya macho yangu,

Amani ya Mungu ikukute mzima, na shikamoo yangu uipokee kwa mikono miwili. Vipi hali yako? Vipi mguu wa Mama, unamwacha alale sasa? Na shemeji, kifua chake je? Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila naandika na macho mazito. Baba mkwe wangu, Mzee Khalfan, ametutoka. Usilie kwanza. Kaa nikuhadithie, maana ule udi ulionifungia sandukuni umo ndani ya habari hii.

Lakini niachie niseme la moyoni kwanza, la sivyo nitapasuka. Dada, nimeolewa! Najua unajua, ulinipamba mwenyewe, lakini kila asubuhi nikimwona Nassor anafunga kilemba mbele ya kioo changu kidogo, naona kama ni habari mpya. Akitoka kwenda kwenye ukarani wake hospitali, hugeuka mlangoni kama aliyesahau kitu. Hajasahau kitu, anataka kuniona tu. Nami nguo zake nazifukiza kama ulivyonifundisha, chetezo chini, tenga juu yake, kanzu juu ya tenga, mpaka moshi uingie kwenye mishono. Majirani husema akipita njia ya falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, wanajua bwana harusi kapita. Cheka, cheka tu.

Sasa huyu baba yake. Alizaliwa hapa hapa Ibra, akaja Unguja kijana, akazeeka dukani kwake, akarudi huku na nywele nyeupe. Nilipofika nilimkuta kitandani. Chakula kilikuwa hakipiti. Uji, maziwa, mchuzi wa kuku, yote alionja kwa ncha ya ulimi akageuza uso. Siku moja asubuhi akasema, "Natamani supu ya paa. Nimekula kwa mama yangu, hapa hapa."

Paa wamekuwa adimu tangu watu waanze kuwafukuza kwa magari. Na Nassor, dada, bunduki alikuwa hajapata kuishika. Kule kwetu aliwahi kwenda msituni na wawindaji mara moja, akapewa kazi ya kupiga makelele wakati mbwa wanamkimbiza paa nyavuni. Lakini alisimama pale pale akasema, "Nitakwenda, baba." Nilimpenda upya.

Aliomba ruhusa ya siku moja kazini. Jioni ya kabla yake tulipanga vitu vyote juu ya mkeka, mbele ya kitanda cha mzee. Said, binamu yake Nassor, aliyezaliwa na kukulia huku na mwenye gari ya pikapu, alisimama mlangoni akaangalia ule mlima: chupa ya chai yenye maua uliyonitunza wewe, vitumbua, koti la mvua, panga, viatu vipya, redio, na wavu ambao Nassor kauazima kwa mvuvi wa Sur, huko pwani.

"Unawinda au unahama?" Said akauliza.

"Muache," mzee akasema. Akajiinua kwa kiwiko. "Leteni kimoja kimoja. Hii nini?"

"Chupa ya chai, baba."

"Paa unamkaribisha chai? Weka kando. Na huu wavu?"

"Wa kumnasa, baba. Kama kule Unguja."

"Kule kuna msitu, mwanangu. Huku utaufunga kwenye nini, kwenye upepo?" Said akacheka mpaka akashika ukuta. "Kule mlipiga makelele, huku utakaa kimya mpaka usikie damu yako masikioni. Viatu hivyo vinalia. Vaa makubadhi. Maji utabeba kwenye kiriba cha ngozi, kinayaweka baridi. Tende, kisu, chumvi, kibiriti. Na shuka ya kufungia nyama. Basi."

Koti la mvua hata hakuliuliza, alilitazama tu, Nassor akaliondoa mwenyewe.

Ikabaki kanzu. Nilikuwa nimeifua nikaifukiza mchana kutwa, maana nilisema mume wangu haendi jangwani kama mtu asiye na mke. Mzee akaivuta puani.

"Nani kafukiza hii?"

Nilikuwa nyuma ya pazia. "Mimi, baba."

"Mashallah. Pua yangu imeziba na ugonjwa, na bado naisikia. Sasa paa, ambaye kazi yake ni kunusa, atakaa amsubiri mumeo?"

Nilitamani ardhi inimeze. Machozi yalinilenga, siyo kwa hasira, ila niliona kama mapenzi yangu yamerudishwa. Akalijua hilo, sijui vipi. Akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Udi wako mzuri sana, mwanangu. Uweke. Utapata siku yake." Kisha akaonyesha kanzu yake ya kahawia iliyotundikwa ukutani, aliyokuwa akichungia mbuzi kabla hajaugua. Hakuwa akikubali mtu aifue. "Vaa hiyo."

Lililobaki lilikuwa bunduki. Said alikuwa na yake mpya, akasema, "Chukua hii. Mimi nitakaa na gari, wawili tutamtia woga." Ya mzee ilikuwa ukutani, ndefu, ya tangu ujana wake, na risasi zake kwenye mfuko wa ngozi. Mzee aliitazama tu, kisha akafumba macho. Nassor asingeweza kubeba zote mbili na maji pia.

Chumbani akaniuliza, "Wewe ungebeba ipi?"

Nikamwambia, "Ya Said italeta nyama. Lakini baba anaitazama ile."

Alfajiri alitoka na ile ya baba yake. Nilimshikia kiriba akakitia begani, na kwa mara ya kwanza tangu anioe alinuka mbuzi na moshi wa kuni. Nilimkumbatia hivyo hivyo.

Siku ile, dada, sikuweza kula. Nilikaa karibu na mzee nikimpepea, na yeye alimfuata mwanawe kwa maneno: "Sasa kafika bondeni, sasa kaona duara la mawe ya kujifichia niliyoyapanga na marehemu baba yangu, sasa kalala chini ya mkunazi." Upepo ulipogeuka, aligeuka kitandani.

Alasiri tulisikia gari. Nassor aliingia na shuka imefungwa, nami moyo ukaruka. Akapiga magoti.

"Baba, sikuleta nyama."

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Alikuja mwenyewe, akala majani, akainua kichwa akanitazama. Nikavuta. Risasi haikulia. Nikavuta tena, tik, kama mtu anayegonga kikombe. Akaondoka taratibu tu."

Said mlangoni hakucheka. Bunduki yake mpya ilikuwa begani mwake, akaitoa akaiweka nje.

Mzee akauliza, "Alifika karibu kiasi gani?"

"Kutoka hapa mpaka pazia lile."

Mzee akafumbua macho yote mawili. "Mpaka pazia lile! Basi hakukunusa." Akacheka, dada. Kifua chake chote kilitikisika, cheko la mtu mzima wa afya. "Risasi zimezeeka kama mimi, lakini habari ya kanzu nilikuambia kweli."

Nassor akafungua shuka. Zilikuwa kunazi, za ule mkunazi wa kwenye mawe. Mzee akachukua moja, akaizungusha mdomoni muda mrefu, akatema kokwa kiganjani kwa Nassor. Akachukua ya pili. Ndicho chakula cha mwisho nilichomwona akila kwa kutaka mwenyewe. Kisha akamvuta mwanawe begani, akanusa ile kanzu, akalala.

Hakufika Ijumaa.

Walipomaliza kumwosha, mama mmoja wa jirani alikuja jikoni akaniuliza kwa Kiarabu, "Bibi harusi, una udi?" Kwa kufukizia sanda, dada. Nilileta kopo lako lote. Nilipanga kama ulivyonifundisha, chetezo chini, tenga juu, na ile nguo nyeupe juu yake, mpaka moshi ukaingia kila mkunjo. Nikasikia sauti ya mzee: utapata siku yake. Alijua.

Msalimie sana Mama, umsomee polepole, umshike mkono ukifika hapo. Msalimie shemeji na wanao wote, na shangazi yetu aliyenisuka siku ya harusi, na mwalimu wangu wa sekondari ukimwona, umwambie mkono wangu bado unaandika vizuri. Nassor anakusalimu. Amekonda, lakini jana aliniomba nimfukizie nguo zake tena. Nikamuuliza, zote? Akasema, zote, ila ile moja. Ile ya kahawia imetundikwa ukutani mahali pake, haijafuliwa, na hakuna anayeigusa.

Mdogo wako akupendaye,
Salma