Sosisi za Dote ya Spesiosa

Jumatatu, 4 Agosti

Sambusa zote zimekwisha kabla ya saa mbili asubuhi. Kawaida yangu. Nimenawa mafuta, nimekaa juu ya ndoo, naandika.

Rumonge nzima hakuna mtu mwenye bahati kama mimi. Niandike vizuri nisije nikasahau. Spesiosa amenipigia simu. Yeye mwenyewe! Jumamosi iko dote yake kwao Minago, watu wa bwana arusi wanaleta mahari, na katika wapishi wote wa mwambao huu wa ziwa, toka Bujumbura mpaka Nyanza-Lac, amesema anamtaka Rama. Anataka zile sosisi za hotelini tulikofanya kazi pamoja. Zile ndogo zilizofungwa kwa bekoni. Simu imelia nikiwa na unga mpaka kwenye nyusi.

Mwanamke anaolewa na mtu mwingine na bado hawezi kula bila mkono wangu. Nani mwingine anapata hiyo?

Moyo haujauma. Hata kidogo.

Jumanne, 5 Agosti

Watu wanadhani zile sosisi ni uchawi wa wazungu. Ni kitu rahisi kabisa. Bekoni ni nyama ya tumbo la nguruwe, imelala kwenye chumvi, imekula moshi, imekatwa nyembamba kama karatasi ya daftari hili. Unakata ukanda katikati. Unamviringishia sosisi kama mama anavyomfunga mutoto mgongoni. Unachoma kijiti cha meno asifunguke. Unapaka asali kidogo na chumvi punje chache. Moto. Basi.

Nimewapikia Wabelgiji. Nimewapikia Walebanoni. Balozi mmoja alikuja mpaka jikoni kunipa mkono. Mimi wa darasa la sita!

Na sijawahi kuonja hata moja. Mimi ni Muislamu, mtoto wa Bi Mwajuma, Mswahili wa hapa hapa. Nguruwe ninampika, simli. Hotelini aliyeonja ni Spesiosa. Yeye Mkatoliki, alikuwa kwenye meza ya saladi, hatua mbili kutoka kwangu. Miaka sita. Jikoni pana kelele, kwa hiyo tulikuwa na alama zetu. Kidole kimoja: ongeza chumvi. Viwili: umeharibu. Akifumba macho: peleka kwa wageni.

Hakuwahi kunidanganya. Siku moja aliinua viwili wageni wakiwa wameshakaa mezani. Nilimwaga sinia nzima. Sikumuuliza hata kwa nini.

Ulimi wangu ulikuwa kwenye kinywa cha mtu mwingine, na nilikuwa nalala usingizi mzuri.

Jumatano, 6 Agosti

Bekoni haijafika. Esansi, mafuta ya gari, hakuna Bujumbura, magari yamepanga foleni, na furushi langu liko ndani ya mojawapo. Nimekwenda kituoni mara nne. Makonda wananicheka. Mmoja amesema, "Shefu, mbona unamngoja nguruwe kama unamngoja haji kutoka Maka?" Nikacheka na mimi. Nilicheka sana kupita mzaha wenyewe.

Mama amekataa sufuria ya nguruwe isikanyage ua wake. Haki yake. Nitapikia kwa Karolina, jirani yetu wa nyuma ya soko, anayechoma nyama ya nguruwe siku zote. Mama amenitazama nikitafuta vijiti vya meno, akasema, "Mwanangu, umejipamba kama arusi ni yako."

Nikaendelea kuhesabu vijiti.

Niandike hili nalo. Spesiosa aliniambia zamani: Rama, njoo uongee na baba. Nikasema ngoja Ramadhani iishe. Ramadhani zimeisha nne. Nilikuwa naogopa Mama. Nilikuwa naogopa maneno ya mtaani. Halafu hoteli ikafungwa, kila mtu akarudi kwao, yeye Minago, mimi hapa. Barabara ni moja, ziwa ni moja. Sikwenda.

Alhamisi, 7 Agosti

Imefika! Furushi limefungwa kwenye magazeti matatu. Duka si lile lililokuwa likiiuzia hoteli, lile limefungwa. Lakini bekoni ni bekoni. Nyekundu na nyeupe, inanukia moshi.

Karolina amenipa kona ya ua na mbabula mbili za makaa. Furu, yaani oveni, hakuna, kwa hiyo moto chini na makaa juu ya mfuniko, kama tunavyopika mkate wa sinia. Nimejaribu kumi. Zimegeuka rangi ya shaba, mafuta yanalia. Yebaba we! Hata hotelini hazikutoka hivi.

Karolina amenyoosha mkono. "Lete nikuonjee, Shefu. Mimi iko na meno yangu yote."

Nimekataa. Nimesema mwonjaji wangu ni mmoja. Amerudi kwenye moto wake bila kunitania. Karolina asiponitania ujue hali ni mbaya.

Nimemwandikia Spesiosa ujumbe: kesho saa tisa, njoo uonje kama zamani. Akija nitamwambia. Sijui nitamwambia nini, lakini nitasema kabla ya Jumamosi. Nitasema nilikosea. Nitasema niko tayari kwenda kwa baba yake, hata leo, hata kwa miguu.

Hajajibu. Iko na kazi nyingi, dote ni kazi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimetoka msikitini, nimevaa shati jeupe, nimekaa kwa Karolina. Saa tisa. Saa kumi. Saa kumi na nusu pikipiki imesimama nje.

Si yeye. Ni Dezire, bwana arusi, anayeuza mawese Minago. Ameniletea masinia mawili ya kuazima. Ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Murakoze cane, asante sana, kaka. Spesiosa amesema hana haja ya kuja. Anakuamini."

Nilitaka awe mtu mbaya. Nilimtafutia ubaya kuanzia viatu mpaka kofia. Si mbaya. Ameuliza habari za Mama. Nimempa sosisi moja aonje, akakataa, akasema vitu vya hotelini yeye hajui, niweke ninavyojua mimi.

Ameondoka. Nimeshika moja mwenyewe. Nimeileta mpaka karibu na midomo. Joto lake nimelisikia. Nimeirudisha.

Basi nimetia chumvi kwa kumbukumbu. Kama zamani, punje zile zile. Halafu nikaongeza kidogo, kwa sababu kwenye kichwa changu nilikiona kidole kimoja kimesimama. Karolina alikuwa pale. Angeonja kwa furaha. Sikumwomba.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa kumi na moja, niko kando ya barabara Minago, nangoja gari. Naandika sasa hivi, nikifika nyumbani nitaanza kupamba maneno.

Watu walikuwa wengi. Wazee wa pande mbili walibishana juu ya ng'ombe, wakacheka, wakakubaliana. Spesiosa akatoka amevaa imvutano, vazi la sherehe, ya rangi ya machungwa. Nikasahau mikono yangu iko wapi.

Sosisi zikapitishwa. Mwanzo kelele: aaa, ooo, hizi ni za wapi! Halafu wakanyamaza. Halafu kila mtu akatafuta Fanta. Niliona vijiti vya meno vikirudi kwenye sinia na nyama yake, imeumwa mara moja tu. Mjomba wake mmoja akapaza sauti, "Shefu! Ziwa lote hili ni maji matamu, chumvi hii umeivua wapi?" Hema zima likacheka. Na mimi nikacheka. Nikainama kama mtu anayeshangiliwa.

Ile bekoni ilikuwa imekwisha kutiwa chumvi kupita ile ya hotelini. Mtu yeyote mwenye ulimi angejua.

Sinia likamfikia Spesiosa. Alikuwa ameusikia mzaha wa mjomba. Akachukua moja, akaitia mdomoni yote, akatafuna. Nilisimama nyuma ya masufuria, nikangoja vidole viwili. Nilikuwa navitaka. Wallahi sijawahi kutaka kitu kama nilivyovitaka vile vidole viwili.

Akanitazama. Akafumba macho, polepole. Akatabasamu vizuri, kama unavyomtabasamia mtu aliyetoka mbali kwa ajili ya sherehe yako. Halafu akanywa maji, glasi nzima.

Miaka sita hakunidanganya. Leo amenidanganya kwa adabu, mbele ya watu. Hapo nikajua mimi ni mgeni kama wageni wengine.

Dezire alinifungia chakula cha kumpelekea Mama. Wali na samaki tu, amesema, vimepikwa sufuria yake mbali. Hata hilo alilifikiria.

Sikumwambia Spesiosa kitu. Kulikuwa hakuna wa kumwambia.

Jumapili, 10 Agosti

Hakuna sambusa leo. Nimesugua masufuria ya Karolina kwa mchanga na majivu pale ziwani, nikamrudishia. Sosisi zilizobaki alisema atawapa wateja wake, wanywaji hawalalamiki chumvi. Ameonja moja, ameinua nyusi, amenishika bega.

Mama amekula ule wali. Kisha akanimiminia chai kwenye kikombe chake mwenyewe, kile chenye maua, ambacho tangu nianze kazi ya hoteli hajanipa. Nimekunywa. Amekaa karibu yangu mpaka ikaisha.

Upepo kidogo. Watu wanaanika dagaa.

Nimesoma tena niliyoandika Jumatatu. Si kweli. Spesiosa hakunipigia. Nilisikia habari ya dote sokoni, mimi ndiye niliyempigia, mara tatu, na ya tatu akapokea. Nilimwomba aniache nipike. Sosisi nilizitaja mimi. Akasema tu, sawa, Rama.

Simu yangu haikulia.