Pombe Nyekundu ya Mama Kabula

Jumatatu, 8 Agosti 1994

Nimeonja tena leo asubuhi, kabla hata ya uji. Pombe ya mtama mwekundu ya Mama Kabula, hapa hapa Masumbwe. Ni mjane wa rafiki yangu Limbu, kwa hiyo ni shemeji yangu na matusi yetu ni halali. Povu zito. Harufu ya ukoko wa ugali. Uchachu unabana mashavu, halafu ukakasi unakuja kooni polepole, kama mkwe anayebisha hodi. Safi. Nikamaliza kata yote. Ndiyo desturi ya kilabu hiki: mwonjaji akimaliza, watu wanakunywa. Akimwaga chini, chungu hakiuzwi. Sijawahi kumwaga.

Alhamisi, 11 Agosti

Dhahabu imeonekana porini. Wachimbaji wanamiminika, kila mmoja na kabila lake na kiu yake. Chungu kinaisha sijakaa vizuri. Mama Kabula anahangaika kama kuku aliyeona mwewe. Kimea, ule mtama uliochipushwa, kimemwishia. Na mtama huwezi kuufokea ukachipua.

Jumamosi, 13 Agosti

Upuuzi! Upuuzi mtupu! Nyekundu ni nyekundu, lakini si ya mtama. Ni sukari iliyounguzwa. Mtama haujaota hata jino moja, umesagwa, ukachemshwa, ukatiwa hamira ya dukani, ukaumuka kama andazi. Utamu unakulaki mlangoni, ukiingia ndani nyumba tupu. Uchachu hakuna. Ukakasi hakuna. Soda ya watoto, ila inalewesha.

Nikasimama mbele ya kilabu kizima nikamwaga kata yote chini.

Wenyeji wakashika midomo. Wachimbaji, watu wa kuja, desturi yetu wataijulia wapi? Wakadhani nainywesha mizimu. Mmoja akapaza sauti, "Mzee katutambikia! Leo tunatoka na dhahabu!" Makofi. Wakanywa mpaka machicha. Kuna mmoja kanipa shikamoo, halafu akanishika kichwa ili baraka zimwingie. Kichwa! Changu!

Jumapili, 14 Agosti

Hasira mpaka ugoro haupandi. Nimeulizia, hakuna aliyeumwa tumbo. Nilikuwa naomba angalau mmoja aharishe.

Jumatano, 17 Agosti

Eti wawili wamepata dhahabu. Eti kwa sababu nilimwaga. Mama Kabula kaja hapa na meno yote nje.

"Shemeji, njoo umwage tena. Wanakuulizia."

"Mwanamke, ile niliikataa!"

"Wewe ikatae tu. Ukikataa ndiyo wanakunywa."

Nikamwambia akamfunge mbuzi mlangoni awe anakojoa, baraka ni zile zile. Akasema ulimi wangu umeota kutu. Nikasema bora kutu kuliko sukari. Zamani hapo tungecheka mpaka tushikane mabega. Hatukucheka. Akaondoka bila kuaga. Hilo limeniuma kuliko pombe yenyewe, na pombe yenyewe imeniuma sana.

Jumatano, 24 Agosti

Siendi kilabuni. Nakunywa chai. Chai, mtu mzima kama mimi! Njiani wananiita Mzee Baraka. Nawatukana, wanasema ahsante.

Alhamisi, 1 Septemba

Amekuja jioni. Safari hii meno yako ndani. Jumamosi ndugu zake Limbu wanakuja kumfanyia tambiko. Kumbe alichipusha mtama nyuma ya nyumba, akauanika, akapika chungu kimoja na kukificha wachimbaji wasikinuse.

"Wale nawadanganya, shemeji. Limbu nitamdanganyaje?"

Anaogopa mkono umesahau. Anataka nionje. Nikiikataa hana nyingine, na wakwe wanafika keshokutwa. Atakuwa mke aliyemnyima mumewe pombe kaburini. Nikamwambia nitafikiria. Nilikuwa nimeshafikiria. Nilitaka tu ateseke kidogo. Mimi si malaika.

Ijumaa, 2 Septemba

Nimeonja.

Wafu wanakunywa vizuri kuliko sisi. Harufu ya udongo uliolowa. Moshi wa kuni kwa mbali. Uchachu ulikuja wa kwanza, ukakaa, ukampisha ukakasi. Nilikunywa taratibu, yeye macho kwenye koo langu. Nilikuwa na maneno makali, nimeyanoa wiki nzima. Yakashuka pamoja na pombe.

Nikamwambia imeiva.

Akakaa chini palepale, akajifuta macho kwa pindo la khanga. Sikumtania. 

Nje wachimbaji wakaanza kugonga, wanataka ile ya sukari. Akanyanyuka, akaenda kuwauzia. Nilibaki na chungu, nikakifunika, inzi wasiingie.