Sanda ya Mama Kwenye Mabawa ya Ndege

Mama Lea mpendwa,

Baada ya salamu nakuomba wewe unayetushauri gazetini unisaidie kabla sijafanya jambo ambalo watoto wangu watakuja kulisimulia vibaya, kwa sababu hapa nilipo sina wa kumwambia, nikimwambia dada yangu atalifikisha kwa mama, nikimwambia jirani litazagaa Iringa nzima, na mwenye kosa ndiye ninayelala naye kitanda kimoja. Niite Mwamvita, na mume wangu mwite Muhidini, si majina yetu.

Mume wangu ni fundi redio hapa Iringa mjini, mtu mpole, hanywi, hanipigi, na kila mtu atakwambia nina bahati. Ila ana ugonjwa mmoja, nao ni ndege. Marehemu baba yake alikuwa kibarua kiwanja cha ndege cha Mbeya kabla ya vita vya Hitla, akibeba madebe ya petroli kuwapelekea marubani, na alimlea Muhidini kwa hadithi za zile ndege za zamani za mabawa mawili, moja juu jingine chini, zilizofungwa waya kila mahali. Basi mwaka juzi mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao alimwachia redio ya kuongozea ndege ya mfano, unashika kisanduku mkononi na ndege inakutii ikiwa angani, pamoja na mota ya umeme na betri zake za kuchaji, na tangu siku hiyo, Mama Lea, mimi nina mke mwenza.

Usidhani ni kitu cha kuchezea watoto. Ni kubwa, mabawa yakishafungwa haipiti mlangoni, lazima yatolewe kwanza. Mbavu zake kazitengeneza kwa mianzi, akiipasua nyembamba nyembamba na kuipinda kwa mvuke wa sufuria yangu ya wali, nguzo za kati ya bawa na bawa ni spoki za baiskeli, misumari ya ubavuni ambayo haishiki chochote kaiweka kwa vichwa vya pini ili ifanane tu na ndege aliyoiona baba yake, na ndani kamkalisha rubani mdogo mwenye kofia ya ngozi niliyomshonea mimi mwenyewe kwa kiatu kilichokwisha. Nilimsaidia, sikatai. Alikuwa akirudi dukani anaketi nayo sebuleni, ananieleza kila waya kazi yake nini, uso umemchangamka kama bwana harusi, nami nikajisemea bora mume anayehangaika na mianzi kuliko anayehangaika na wanawake.

Shida ikaja kwenye kitambaa cha kuvika mabawa. Alijaribu kanga, ikawa nzito. Akajaribu karatasi ya kaki, ikachanika siku aliyokwenda kuijaribu Kalenga. Akasema dawa yake ni bafta, nyepesi, ukiipaka uji wa wanga inajikaza kama ngozi ya ngoma, kisha unapitisha vanishi. Na wewe unajua hali ya nguo ilivyo siku hizi, mtu anapanga foleni tangu asubuhi anatoka na kiberiti. Alikwenda mpaka Mbeya kwa dada yake wa Ilomba akarudi mikono mitupu. Halafu siku moja akaniletea bafta imeshakatwa vipande kwa kipimo cha mabawa, akasema dada yake hatimaye kapata kwa mfanyabiashara mmoja, nami nikafurahi kama mjinga, nikaketi kwenye cherehani nikashona mabawa yote manne kwa mshono mdogo mdogo, nikayapiga pasi, na uji wa wanga nikaupika mimi.

Sasa nisikilize. Mama yangu ni mzee, tunaishi naye, macho yake yameingia ukungu, anaona vivuli tu. Kaka yake, Mungu amrehemu, alipokwenda Hija alimletea bafta ya sanda, kaichovya katika maji ya Zamzam na kuikausha huko huko Makka. Mama anaiweka ndani ya sanduku la bati, na kila mwaka ukiingia mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, anataka itolewe ipigwe upepo na kufukizwa udi, kisha anaikunja mwenyewe kwa mkono wake. Wengine wataona uchuro, lakini kwetu mzee mwenye sanda yake ana raha, anajua hatamtia mtu katika mashaka.

Mwezi wa Mei jirani yetu alifariki, watu wakazunguka mji mzima wakitafuta bafta, hakuna, akazikwa kwa mashuka. Mama alilia sana. Tukiwa tunakula alisema mbele yangu na mbele ya Muhidini, "Mimi hamtahangaika, wanangu. Yangu ninayo." Muhidini akaitikia, "Ndiyo, mama," akaendelea kula. Mama Lea, wakati huo ndege ilikuwa imeshavikwa, iko sebuleni, imekauka.

Siku ya Sabasaba ndege ikaruka. Ilizunguka juu ya uwanja inanguruma kidogo kidogo, wakubwa wa mkoa wakapiga makofi, na mimi nikapiga vigelegele kuliko wanawake wote waliokuwepo. Mama tulimpeleka, tukamkalisha kwenye kiti, na ndege iliposhuka Muhidini akamletea aipapase. Mama akalipapasa bawa taratibu, akauliza bafta hii imepatikana wapi. Muhidini akajibu Mbeya. Mama akasema, "Alhamdulillahi, kumbe Mbeya ipo," kisha akaomba arudishwe nyumbani, upepo unamwumiza.

Shaabani ilipoandama nikafungua sanduku. Nikafungua kifurushi cha sanda, nikakuta mifuko ya unga iliyofuliwa, imekunjwa vizuri kwa kipimo kile kile. Nilikaa chini sakafuni. Sanda haishonwi, hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo, na mimi nimeishona sanda ya mama yangu kwa cherehani, nikaipaka uji, nikaipigia vigelegele.

Nilipomwuliza Muhidini hakukana. Alisema, "Mama yako yu hai. Sanda ni ya maiti. Nitairudisha kabla hajaihitaji." Nikamwuliza ni nani aliyemwambia siku ya mama yangu. Sasa anasema binamu yake wa Dar es Salaam atatuma bafta nyingine, tuinyunyizie maji, tuifukize udi, tumpe mama aikunje, haoni, hatajua. Na ile ndege hataki kuivua, maana kaalikwa Mbeya kuirusha mbele ya watu wazito. Juzi akiwa dukani nilichukua chupa ya mafuta ya taa nikasimama mbele ya hiyo ndege, nikashindwa, kwa kuwa ningechoma nini? Ningekuwa nachoma sanda ya mama.

Na mama kila Alhamisi ananiuliza, "Mwanangu, ile nguo yangu umeshaitoa?" nami namjibu bado, mama, udi umekwisha. Namchukia mume wangu, nasema wazi, mkono wake ukigusa sahani natamani kuinuka. Nifanye nini, Mama Lea? Nimpe mama hiyo bafta ya uongo afe na amani yake, au nimwambie ukweli nimuue kabla ya siku zake, au nimwache huyu mwanamume? Nakuomba sana jina langu lisitoke.

Mwamvita, Iringa

* * *

Mwamvita,

Pole, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama kwa hasira.

Mimi ni Mkristo wa Tukuyu, mambo ya Zamzam siyajui, na sipendi kumshauri mtu kwa dini isiyo yangu. Kwa hiyo nilikwenda kwa shehe mmoja hapa Mbeya nikamwuliza bila kukutaja. Akaniambia maiti huvikwa nguo safi ya halali. Bafta ikipatikana vema, isipopatikana hata shuka, na kuichovya Zamzam ni mapenzi ya mtu, si sharti. Maana yake jirani yenu alizikwa salama na mama yako naye atazikwa salama. Hilo liondoe moyoni. Halafu shehe akataka kujua kisa chenyewe, nami nikamsimulia. Mzee wa watu alivua kofia yake, akasema afadhali huyo bwana angeiba ng'ombe.

Nami nasema hivyo hivyo. Usiniletee habari za hanywi na hapigi. Mtu anayefungua sanduku la mkwewe, akakata kwa mkasi, akafua mifuko ya unga, akaikunja kwa kipimo kile kile akairudisha mahali pake, huyo hakupitiwa. Alikaa akafikiri. Kisha akasikia bibi wa watu akisema "yangu ninayo", akaitikia ndiyo mama, na tonge halikumkwama. Kwetu sisi mkwe unampisha njia, sembuse kumvua nguo yake ya mwisho. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kumkumbuka baba yake ni jambo jema, lakini angemkumbuka kwa jasho lake, si kwa kitu cha mama wa mwenzake.

Wewe je? Kwa kushona huna lawama, hukujua. Acha kujipiga kwa ajili ya ile cherehani. Ila hii ya "udi umekwisha" si ya Muhidini, ni ya kwako, na umeisema si mara moja. Hapo sikuonei huruma.

Na kuna jambo umeniandikia mwenyewe bila kuliona. Mimi naamini mama yako anajua. Hebu fikiri. Amesikia mji mzima hauna bafta mpaka mtu kazikwa kwa mashuka. Ile nguo ameikunja kila Shaabani miaka yote, vidole vyake vinaijua kuliko macho yake yalivyowahi kuijua. Mkampa bawa alipapase, akauliza bafta imetoka wapi, akadanganywa, akaomba kurudi nyumbani. Unadhani ni upepo uliomwumiza? Sasa kila Alhamisi anakuita na kukuuliza. Mama huyo hatafuti nguo. Anamtafuta mwanawe amwambie, na mwanawe anamjibu habari za udi. Kama nimekosea na hajui lolote, haidhuru, ushauri wangu haubadiliki hata kidogo.

Bafta ya uongo usiiguse. Ikija hiyo ya Dar es Salaam, mpe mama na umwambie hii ni bafta kutoka Dar es Salaam, akiitaka ataipokea, asipoitaka atasema. Kipofu si wa kuchezewa, na mzee anayejiandaa kwa safari ile si wa kuchezewa hata akiwa na macho.

Nenda kwake peke yako. Kaa chini, mshike mkono, anza na uongo wako wa Alhamisi kabla ya wizi wa mumeo. Usimtetee Muhidini, wala usimpake matope zaidi ya aliyojipaka. Usimwombe mama msamaha siku hiyo hiyo, maana utakuwa unamlazimisha akufariji wewe wakati kilichopotea ni chake. Mwache alie au anyamaze. Huwezi kumuua kwa ukweli, mzee aliyezika kaka na jirani si wa karatasi.

Kisha mwite Muhidini. Ayavue mabawa mwenyewe, mbele ya mama, kwa mikono ile ile, ampe vipande vyote mkononi, na uji wake na vanishi yake. Mama ndiye aseme vizikwe, vifuliwe au virudi sandukuni. Wewe usichague, Muhidini naye asichague. Mpaka hapo, ndege haitoki ndani kwenda Mbeya wala popote, na kama kuna wakubwa wanaoisubiri huku, wataangalia ngoma.

Kuhusu kumwacha, sikupi ruhusa wala sikukatazi leo, kwa sababu leo una hasira na hasira haiamui ndoa. Ila akisimama mbele ya mama yako akakataa kuyavua yale mabawa, hapo hutahitaji barua ya Mama Lea. Funga mzigo, mchukue mama na sanduku lake, nenda kwa dada yako. Na hayo mafuta ya taa yarudishe jikoni kwenye taa yake.

Umeniomba jina lisitoke. Nimelificha, na mtaa wenu nimeufuta. Ndege sikuweza kuificha, kwa sababu bila ndege hakuna kisa, na mwenye ndege ya namna hiyo Iringa nzima ni mmoja. Gazeti hili litasomwa vibarazani leo hii hii, na mama yako haoni, ina maana mambo yote husomewa na watu wengine. Liweke chini, nenda chumbani kwake sasa hivi, kabla jirani hajatangulia.

Mama Lea